Gari la Umeme Jijini Dar es Salaam: Kutambua Chanzo cha Matatizo ya Chaji na Kuchoka kwa Betri

Gari la umeme linapokataa kuchaji, au linapoanza kwenda umbali mfupi kuliko ilivyozoeleka, mwenye gari hukimbilia kusema kwamba betri imekufa. Kauli hiyo mara nyingi hutolewa mapema mno. Betri kubwa ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika gari, lakini siyo inayoharibika kwanza. Kasoro huwa kwenye soketi ya ukutani, kwenye waya wa ethi (ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja), kwenye mipangilio iliyoachwa na mmiliki wa kwanza, au kwenye ile betri ndogo ya volti 12 ambayo wengi hawajui hata kama ipo. Kwa hiyo uchunguzi uanzie nje uelekee ndani: umeme wa nyumba, kebo, mipangilio ya gari, betri ndogo, na mwisho kabisa betri kubwa. Fundi anayeanza kwa kufungua betri kubwa kabla hajapima volti za soketi anakupotezea fedha, na anahatarisha maisha yake, kwa kuwa betri hiyo hubeba volti zinazokaribia 400.

Maelezo haya yanawalenga zaidi wenye magari yaliyotumika kutoka Japani, hasa Nissan Leaf, ingawa mengi yanahusu pia BYD na magari mengine ya Kichina.

Gari limechomekwa lakini halichaji

Tazama kwanza taa tatu za buluu zilizo juu ya dashibodi ya Leaf, karibu na kioo cha mbele. Taa moja ikipepesa, gari linachaji. Zikiwaka moja baada ya nyingine kwa zamu, gari limepokea umeme lakini linasubiri saa lililopangiwa. Huko Japani mikataba mingine ya umeme huwa na bei nafuu usiku, kwa hiyo wamiliki hupanga gari lianze kuchaji usiku wa manane. Gari linaposhushwa bandarini, mpangilio huo huwa bado umo, na saa yake huwa bado ni ya Japani, ambayo iko mbele yetu kwa saa 6. Gari lililopangwa kuanza saa 7 usiku kwa saa za kule litaanza saa 1 usiku kwa saa zetu, na mtu aliyelichomeka saa 10 alasiri ataamini kwamba ni bovu. Rekebisha saa kwanza, kisha futa mpangilio au upange upya. Menyu ikiwa ya Kijapani, programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera inatosha kukuongoza.

Taa za gari zisipowaka kabisa, angalia boksi dogo lililo katikati ya kebo ya kuchajia, na usome maandishi yaliyo mgongoni mwake kabla ya jambo lingine lolote. Umeme wa kawaida wa nyumba za Japani ni volti 100, na wetu ni volti 230. Kebo iliyoandikwa volti 100 peke yake isichomekwe hapa hata kwa kujaribu. Iliyoandikwa volti 200 ionyeshwe kwanza kwa fundi umeme anayeifahamu, na ushauri wangu ni kununua tu kebo iliyotengenezwa kwa volti 230 yenye plagi ya miguu mitatu kama tunayotumia, kwa sababu bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya chaja iliyo ndani ya gari.

Kebo ikiwa sahihi lakini boksi linaonyesha taa nyekundu, chunguza ethi. Boksi hilo hukagua waya wa ethi kabla ya kuruhusu umeme upite, na lisipoupata linakataa. Ziko nyumba nyingi za kupanga ambazo soketi zake zina tundu la ethi lakini waya wake haufiki popote, au unaishia kwenye rodi fupi iliyopigwa kwenye mchanga. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, ndiyo maana gari linaweza kuchaji bila shida wakati wa masika, kisha likaanza kukataa kuanzia Agosti au Septemba ardhi inapokauka. Tiba yake ni fundi kupima ukinzani wa ethi kwa kifaa, kisha kuongeza rodi ndefu zaidi au rodi kadhaa zilizounganishwa pamoja. Kuna mafundi wanaotatua jambo hili kwa kuunganisha ethi na nyutro (waya unaorudisha umeme) ndani ya soketi ili boksi lilegeze msimamo wake. Mkatalie kabisa anayependekeza hivyo: nyutro ikikatika popote, bodi nzima ya gari itakuwa na umeme, na mtoto atakayegusa mlango akiwa peku ndiye atakayeumia.

Hali kama hiyo hutokea pia kwa jenereta ndogo za nyumbani, ambazo nyutro yake haijaunganishwa na ethi. Jenereta inaweza kuwasha friji na taa zote za nyumba, na bado kebo ya gari ikaikataa.

Ikiwa soketi na kebo ni nzima, pima betri ndogo. Swichi kubwa zinazounganisha betri kuu na gari haziwezi kufunga bila umeme wa volti 12, kwa hiyo betri ndogo ikichoka gari haliwaki na halichaji, hata kama betri kuu imejaa. Dalili yake ni taa nyingi za tahadhari kuwaka kwa wakati mmoja bila mpangilio, breki zikiwemo, au vitasa vya milango kuchelewa kuitika. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima ya volti 12 husoma karibu 12.6, ikisoma chini ya 12.2 inahitaji kuchajiwa na kuchunguzwa, na ikiendelea kushuka ibadilishwe. Joto la Dar es Salaam hufupisha maisha ya betri za aina hii, na kwa wanaoishi karibu na bahari, kama Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, upepo wa chumvi hula vichwa vya betri na kuacha unga mweupe au wa kijani. Kuvisafisha na kuvikaza huweza kumaliza tatizo lililokuwa linaelekea kuitwa kifo cha betri kuu.

Chaji inakatika katikati, au plagi inapata moto

Soketi ya kawaida imezoea pasi na birika, vitu vinavyovuta umeme mwingi kwa muda mfupi. Gari huvuta ampea 10 kwa saa 10 mfululizo, na hapo ndipo kila kasoro ndogo inapojitokeza. Baada ya saa 1 ya kuchaji, zima swichi, chomoa plagi, kisha angalia miguu yake na uso wa soketi kwa mwanga wa kutosha. Plastiki iliyozunguka tundu la laivu (waya unaoleta umeme) ikiwa imegeuka rangi ya chai, au mguu mmoja wa plagi umekuwa mweusi upande mmoja huku mwingine ukiwa bado unang'aa, ujue kwamba bati la ndani ya soketi limelegea na umeme unaruka mahali pembamba. Soketi hiyo haifai tena kuchaji gari, na kuikaza skrubu za nje hakusaidii kitu. Harufu ya plastiki iliyoungua ni sababu ya kusimamisha chaji usiku huohuo, bila kusubiri asubuhi.

Usitumie ekstensheni. Ukilazimika kwa usiku mmoja, iwe nene, ikunjuliwe yote, na isipite chini ya zulia wala mlango. Suluhisho la kudumu ni laini ya peke yake kutoka kwenye kisanduku cha breka, yenye waya wa milimita za mraba 4 na breka yake yenyewe pamoja na kinga ya umeme unaovuja, ikiishia kwenye soketi imara iliyokingwa na mvua. Kwa maoni yangu, hii ndiyo fedha ya kwanza ambayo mwenye gari la umeme anapaswa kuitumia, kabla ya kununua zulia jipya au redio.

Chaji ikikatika bila soketi kupata moto, pima volti wakati wa jioni. Katika mitaa yenye watu wengi waliounganishwa kwenye transfoma moja, umeme huwa mdogo kuanzia saa 1 usiku, watu wanapowasha majiko na viyoyozi, na mzigo wa gari ukiongezeka juu yake volti huzidi kushuka mpaka boksi la kebo linakata kwa usalama. Panga chaji ianze baada ya saa 5 usiku. Kebo inayoruhusu kupunguza ampea ishushwe hadi 8 au 6. Gari litachelewa kujaa, lakini chaji haitakatika kila mara. Friji gadi ndogo ya dukani isitumike kwa kazi hii, kwa kuwa haikutengenezwa kwa mzigo wa saa nyingi. Umeme ukikatika wenyewe na kurudi, kebo nyingi huendelea bila kuguswa, ila zipo zinazohitaji kuchomolewa na kuchomekwa upya, na mwenye kebo ya namna hiyo ataamka asubuhi akute chaji imebaki palepale.

Uniti za LUKU zinaisha upesi

Hili kwa kawaida siyo kasoro. Uniti moja ni kilowati-saa moja, na kuna kiasi kinachopotea kama joto katika chaja, kwa hiyo kupandisha betri ya kilowati-saa 40 kutoka asilimia 30 hadi 80, yaani kilowati-saa 20, hula uniti 22 au 23 kwenye mita. Mteja aliyekuwa katika kundi la D1 la TANESCO, ambalo ni la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, atalivuka kundi hilo kwa kuchaji mara chache tu, na bei yake ya uniti itapanda. Linaloshtua ni pale mita inapohesabu zaidi sana ya kiasi hicho. Hapo tafuta umeme unaovuja au mtu mwingine aliyejiunganisha.

Umbali umepungua ndani ya wiki chache

Betri haichoki kwa wiki chache. Upungufu wa ghafla hutafutwa kwingine kwanza: upepo wa matairi, breki inayoshika, na kiyoyozi. Katika foleni ya Morogoro Road injini ya umeme haili kitu gari likiwa limesimama, lakini kiyoyozi kinaendelea. Kikivuta kilowati 1 kwa saa 2, kimekula kilowati-saa 2, na katika Leaf ya zamani ambayo betri yake ya kilowati-saa 24 imebakiza 17, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya chaji yote.

Kumbuka pia kwamba kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi ni makadirio yanayotokana na uendeshaji wa karibuni. Aliyetoka kupanda kuelekea Kimara na Mbezi kwa kasi ataonyeshwa namba ndogo kesho yake, hata kama betri ni ileile. Kipimo cha kuaminika ni kuendesha njia moja, saa zinazofanana, kiyoyozi kikiwa kwenye hali moja, kuanzia asilimia 80 hadi 30, kisha kugawanya kilomita ulizokwenda kwa asilimia zilizotumika. Andika matokeo kila mwezi. Kumbukumbu hiyo ina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote.

Uwezo wa betri unashuka mwaka hadi mwaka

Hapa ndipo tabia za kila siku zinapoamua kila kitu, na hapa ndipo mji wetu unapotofautiana na maelekezo mengi yaliyoandikwa kwa nchi za baridi.

Betri ya lithiamu huchoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumika, yaani kujazwa na kumalizwa mara nyingi. Ya pili ni kukaa tu, kwa sababu ndani ya kila seli, yaani kila betri ndogo kati ya nyingi zinazounda betri kubwa, juu ya upande wake hasi, kuna tabaka jembamba linaloendelea kunenepa na kumeza lithiamu ambayo ingebeba chaji. Tabaka hilo hunenepa upesi zaidi mambo mawili yanapokutana: joto, na chaji iliyo juu sana. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kuongezeka kwa nyuzi joto 10 huweza kukaribia kuongeza maradufu kasi ya mabadiliko ya namna hii. Sisi hatuna baridi inayotudhuru, lakini Januari na Februari mchana wetu hufika nyuzi 32 na usiku huzunguka 25, kwa hiyo betri haipati saa ya kupumzika.

Leaf za vizazi viwili vya kwanza zinaathirika zaidi kwa kuwa betri zake hazina mfumo wa kimiminika wa kuzipoza. Ile ya kilowati-saa 24 ina uzito wa karibu kilo 300, na uzito huo ukishapata joto huchukua saa nyingi kulitoa. Mwaka 2012 wamiliki wa Leaf huko Phoenix, katika jimbo la Arizona nchini Marekani, waliona uwezo wa betri zao ukishuka haraka kwa sababu ya joto, na mwishoni mwa mwaka huo Nissan ikatangaza dhamana ya uwezo wa betri. Phoenix ina joto kali kuliko letu wakati wa kiangazi chake, lakini ina majira ya baridi. Sisi joto letu ni la wastani na halikatiki.

Tabia inayodhuru kuliko zote, basi, ni hii ambayo wengi wanaiona ni ya uangalifu: kufika nyumbani saa 12 jioni betri ikiwa na moto wa safari, kuchomeka papo hapo hadi asilimia 100, kisha kuliacha gari limejaa kwenye zege au lami inayowaka jua siku nzima kwa kuwa siku hiyo hakuna safari. Gari lifike, lipoe, lichajiwe usiku mkubwa, na lifikie asilimia 80 karibu na saa ya kuondoka. Kwa mkazi wa Tabata anayefanya kazi Posta, asilimia 80 inatosha na kubaki. Asilimia 100 ni kwa siku ya safari ndefu, kama kwenda Bagamoyo na kurudi kwa betri ndogo, na gari liondoke mara tu baada ya kujaa. Chini, jitahidi usishuke mara kwa mara chini ya asilimia 15 au 20, na usiliache gari limelala likiwa karibu na sifuri.

Wanaokwenda kwao mikoani mwezi wa Desemba na kuliacha gari mjini kwa wiki mbili au tatu waliache na chaji ya asilimia 50 hivi, kivulini, bila kulichomeka. Desemba ni mwanzo wa joto letu kali, na gari lililoachwa limejaa uani kwa muda huo huchoka bila kutembea hata kilomita moja.

Kuhusu chaji ya haraka, mara mojamoja haina neno. Kuirudia mara mbili kwa siku katika gari lisilo na mfumo wa kupoza ndiko kunakopandisha kipimo cha joto cha betri kuelekea nyekundu. Chaji kupungua kasi baada ya asilimia 80 ni kinga ya kawaida ya gari, siyo ubovu wa kituo. Betri ikisoma zaidi ya nyuzi 35, mimi hushauri isubiriwe, hata kama ni kwa saa mbili tu chini ya mwembe.

Kwa anayenunua, Leaf huonyesha uwezo uliobaki kwa vijiti 12 vidogo pembeni mwa kipimo cha chaji. Kijiti cha kwanza hupotea uwezo unapofika karibu asilimia 85, na vinavyofuata hupotea kila upungufu wa asilimia 6 hivi, hivyo gari lenye vijiti 9 lina takriban asilimia 70. Vijiti hivyo vinaweza kurudishwa kwa kifaa na muuzaji asiye mwaminifu, vikasomeka 12 kwa muda kisha vikaanza kudondoka, ndiyo maana jaribio la njia ya kilomita zinazojulikana haliepukiki. Kinyume chake, matoleo ya kilowati-saa 30 yalikuwa na programu iliyosoma uwezo mdogo kuliko uliopo, na Nissan ilitoa marekebisho mwaka 2018.

Gari limepita kwenye maji

Baada ya mvua kubwa, gari lililozama hadi sakafuni kwenye maji ya bonde la Jangwani au popote lisichajiwe mpaka likaguliwe. Maji ya mafuriko yana matope na chumvi, na hitilafu inaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Liegeshwe nje, mbali na nyumba.

Asilimia zinaruka

Chaji ikishuka kutoka 22 hadi 9 kwa ghafla, ni muhimu kujua aina ya betri kabla ya kuamua. Betri za chuma na fosfeti, kama zile za BYD, hubaki na volti karibu zilezile kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo kompyuta ya gari hupoteza hesabu ikikaa muda mrefu bila kuona betri imejaa. Kwa hizo, ule ushauri wa kukomea asilimia 80 siku zote haufai: zijazwe hadi 100 mara moja kwa wiki au kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, na ziachwe kwenye chaji mpaka zijizime zenyewe, kwa kuwa dakika za mwisho ndizo za kusawazisha seli. Mruko ukiisha baada ya hapo, betri haikuwa na kasoro.

Katika Leaf, mruko wa namna hiyo mara nyingi ni seli dhaifu. Betri ya kilowati-saa 24 ina jozi 96 za seli zilizofuatana, na jozi moja ikiisha mapema huzivuta zote. Kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la uchunguzi chini ya usukani, pamoja na programu ya LeafSpy kwenye simu, huonyesha volti za kila jozi. Gari likiwa limetulia, tofauti kati ya jozi ya juu na ya chini inapaswa kuwa milivolti chache, 20 au 30. Soma tena chaji ikiwa chini ya asilimia 30 huku mtu mwingine akikanyaga mafuta kwenye mlima mfupi: jozi ileile ikizama peke yake kwa milivolti mia kadhaa kila mara, umepata chanzo. Zote zikishuka pamoja, betri imechoka kwa ujumla, na kubadilisha seli moja hakutasaidia.

Seli dhaifu hubadilishwa na fundi aliyefunzwa kazi za volti kubwa, mwenye glavu maalumu, anayetoa plagi ya kukata umeme wa betri na kusubiri kabla ya kugusa chochote. Seli inayowekwa iwe na uwezo unaokaribia wa zile zinazobaki. Mpya kabisa katikati ya zilizochoka haitaongeza umbali, kwa sababu zilizochoka ndizo zitakazoendelea kuisha kwanza. Mwombe akupe picha ya volti za jozi zote 96 kabla ya kazi na nyingine baada ya kazi, zote zikiwa zimesomwa kwa kiwango kilekile cha chaji, na malipo ya mwisho yafanywe baada ya gari kushuka hadi asilimia 10 barabarani bila kuruka.